Thieta ya Sanaa ya Moscow na Tatizo la Neno Moja katika Historia ya Uigizaji

Utangulizi

Katika Kiswahili kitenzi kuigiza kina mzizi mmoja na kuiga. Kwa mujibu wa umbo la neno lenyewe, anayeigiza ni mtu anayefuatisha jambo lililotendwa na mwingine. Hatuna haja ya kulilaumu neno hili. Limetufaa, na limetuzalia mwigizaji, igizo na uigizaji. Lakini iko historia moja ya thieta, iliyoanzia Moscow mwaka 1898, ambayo msingi wake ni kulikataa wazo hilo hilo kwamba kazi ya mtu wa jukwaani ni kuiga. Makala haya yanakusudia kuieleza historia hiyo kwa ufupi, na kuonyesha jinsi mafundisho ya kundi moja la waigizaji yalivyoenea hata yakawa msingi wa uigizaji wa kisasa katika thieta na katika filamu. Fauka ya hayo, tutajaribu kuithibitisha hoja moja inayowahusu wanalugha kuliko wengine: kwamba mafundisho hayo yaligeuka yalipokuwa yakisafiri kutoka lugha hadi lugha, na kwamba sehemu kubwa ya mageuko hayo ilitokana na tafsiri na namna vitabu vyenyewe vilivyochapishwa.

Tarehe za Urusi zilizo kabla ya mwaka 1918 tumezitoa kwa kalenda ya zamani ya nchi hiyo. Majina ya tamthilia tumeyafasiri wenyewe pale ambapo hapana tafsiri iliyozoeleka.

Thieta nchini Urusi kabla ya 1898

Hadi mwaka 1882 thieta za St. Petersburg na Moscow zilikuwa mikononi mwa serikali ya mfalme, na watu binafsi hawakuruhusiwa kufungua thieta zao katika miji hiyo miwili. Hata baada ya amri hiyo kuondolewa, desturi za jukwaani hazikubadilika kwa haraka. Waigizaji waligawiwa kazi kwa mafungu: huyu wa kucheza mashujaa, yule wa kucheza wazee, wa tatu wa kuchekesha. Mazoezi yalikuwa machache. Mapambo ya jukwaa yalitolewa ghalani, na sebule iliyotumiwa katika tamthilia moja ndiyo iliyotumiwa katika nyingine. Mwigizaji mashuhuri alisimama mbele kabisa, akayaelekeza maneno yake kwa hadhira badala ya kwa mwenziwe. Na alipopigiwa makofi katikati ya tendo, aliuacha uhusika wake akainama kutoa shukrani.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mageuzi yaliyofuata yalizuka pasipo mizizi. Mikhail Shchepkin, mwigizaji mkuu wa Thieta ya Maly ya Moscow, alizaliwa mtwana wa kabaila mwaka 1788, akakombolewa baadaye, naye ndiye aliyewafundisha Warusi kwamba mwigizaji aseme jukwaani kama watu wanavyosema. Alifariki mwaka 1863, mwaka ule ule aliozaliwa Stanislavski. Kutoka nje nako zilikuja athari mbili. Ya kwanza ni kundi la Meiningen la Ujerumani, lililozuru Moscow mwaka 1890, likaonyesha jinsi umati wa watu jukwaani unavyoweza kuongozwa kwa nidhamu hata kila mmoja akawa mtu mwenye sura yake. Ya pili ni Tommaso Salvini, Mwitalia aliyecheza Othello, ambaye Stanislavski alimwona kuwa mfano wa mwigizaji anayetenda kwa nguvu zitokazo ndani.

Kuundwa kwa kundi

Konstantin Sergeyevich Alekseyev alikuwa mwana wa matajiri wenye viwanda vya nyuzi za dhahabu na fedha. Stanislavski ni jina alilojipa kwa ajili ya jukwaa. Mwaka 1888 alishiriki kuanzisha Chama cha Sanaa na Fasihi, ambamo yeye na wenzake waliigiza kwa mapenzi tu, bila ya kutegemea mshahara. Vladimir Nemirovich-Danchenko, aliyezaliwa mwaka 1858, alikuwa mtunzi wa tamthilia na mwalimu wa uigizaji katika shule ya Chama cha Filamoniki cha Moscow. Mmoja alikuwa na mali na kipawa cha jukwaa. Mwingine alikuwa na elimu ya fasihi na wanafunzi wazuri.

Walikutana tarehe 22 Juni 1897 katika mkahawa wa Slavyansky Bazar mjini Moscow. Mazungumzo yalianza saa nane mchana, yakaendelea hadi saa mbili asubuhi ya siku ya pili, nyumbani kwa Stanislavski nje ya mji. Katika saa hizo 18 walikubaliana karibu mambo yote ya msingi. Nemirovich-Danchenko angekuwa na kauli ya mwisho katika mambo ya fasihi, yaani tamthilia ipi ichezwe; Stanislavski angekuwa na kauli ya mwisho katika mambo ya uonyeshaji. Mgawanyo huu ulifaa sana mwanzoni. Baadaye ulikuja kuwa chanzo cha ugomvi wa miaka mingi baina yao, kwa sababu si rahisi kuonyesha mahali fasihi inapokoma na jukwaa linapoanzia.

Jina la kwanza la kundi lilitangaza nia yake: Thieta ya Sanaa Iliyo Wazi kwa Wote. Waanzilishi walitaka wanafunzi na wafanyakazi wapate kuingia kwa bei waliyoimudu. Shabaha hiyo ilikwamishwa na uhaba wa fedha na ukali wa wakuu wa serikali, na kufikia mwaka 1901 maneno ya wazi kwa wote yalikuwa yameondolewa katika jina.

Katika kiangazi cha mwaka 1898 kundi lilifanya mazoezi huko Pushkino, nje ya Moscow. Miongoni mwa wanafunzi wa Nemirovich-Danchenko waliojiunga walikuwamo Olga Knipper, Ivan Moskvin na Vsevolod Meyerhold. Tarehe 14 Oktoba 1898 pazia lilifunguliwa kwa mara ya kwanza, kwa tamthilia ya Mfalme Fyodor Ioannovich iliyoandikwa na Aleksei Tolstoy, ambayo kwa miaka 30 ilikuwa imezuiliwa na serikali isichezwe. Moskvin ndiye aliyekuwa mfalme.

Kanuni za thieta hii mpya zilikuwa nyingi, na baadhi yake leo twaziona kuwa mambo ya kawaida tu. Muziki wa kuwatumbuiza watu baina ya matendo ulifutwa. Wenye kuchelewa hawakuruhusiwa kuingia onyesho likiendelea. Waigizaji waliacha kuitikia makofi katikati ya mchezo. Aliyecheza Hamlet leo aliweza kesho kupewa uhusika usiokuwa na neno hata moja, na ilimpasa aufanyie kazi kwa bidii ile ile. Ndani ya kanuni hii ya mwisho mlikuwamo wazo zito: kwamba onyesho ni kazi moja ya watu wengi, wala si kiti cha enzi cha mtu mmoja.

Chekhov na Shakwe

Thieta hii isingedumu katika historia kwa sababu ya nidhamu peke yake. Ilihitaji mwandishi, na mwandishi huyo alikuwa Anton Chekhov. Tamthilia yake Shakwe ilichezwa mara ya kwanza katika Thieta ya Alexandrinsky mjini St. Petersburg mwezi Oktoba 1896, ikazomewa. Chekhov akaapa kutoandika tena kwa ajili ya jukwaa. Nemirovich-Danchenko alimbembeleza kwa barua hata akairuhusu ichezwe Moscow.

Stanislavski mwenyewe alikiri kwamba mwanzoni hakuielewa. Naye hakuwa mjinga. Shakwe haikufanana na tamthilia alizozijua. Wahusika wanakula, wanacheza karata, wanazungumzia hali ya hewa, na huku maisha yao yanavunjika. Maneno yanayosemwa hayachukui uzito wote wa jambo. Uzito mwingine umo katika kimya, katika pumziko, katika jambo ambalo mhusika hathubutu kulitaja. Mwigizaji wa mtindo wa zamani, aliyezoea kuutoa moyo wake kwa sauti kuu, hakuwa na la kufanya katika tamthilia kama hiyo. Ilihitajika namna nyingine ya uigizaji, namna ya kuijaza hali iliyo chini ya maneno.

Onyesho lilifanywa tarehe 17 Desemba 1898. Baada ya tendo la kwanza ukumbi ulinyamaza kwa muda mrefu, na waigizaji wakadhani wameshindwa. Kisha makofi yakalipuka. Tangu hapo ndege shakwe akawa alama ya thieta. Zikafuata Mjomba Vanya mwaka 1899, Dada Watatu mwaka 1901 na Shamba la Micheri mwezi Januari 1904, miezi michache kabla Chekhov hajafariki. Inafaa kudokeza hapa kwamba neno la Kirusi linalomtaja Vanya halibagui ndugu wa mama na ndugu wa baba. Mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuchagua, na chaguo lake ni sahihi, kwa kuwa Vanya ni kaka wa marehemu mama yake Sonya.

Uhusiano wa mwandishi na thieta haukukosa mivutano. Chekhov alinung'unikia sauti nyingi za vyura, ndege na nyenje ambazo Stanislavski alizijaza nyuma ya jukwaa, na alishikilia kwamba Shamba la Micheri ni tamthilia ya kuchekesha, hali mwongozaji aliiona kuwa ya huzuni. Mjadala huo haujafungwa hata leo.

Mwaka 1902 thieta ilihamia katika jengo la mtaa wa Kamergersky, lililojengwa upya na msanifu Fyodor Shekhtel kwa gharama za mfanyabiashara Savva Morozov. Mwezi Desemba mwaka huo ilichezwa tamthilia ya Maxim Gorky iitwayo Vilindini, inayohusu mafukara wa nyumba ya kulala. Kabla ya kuicheza, waigizaji walikwenda katika soko la Khitrov, walikoishi watu wa hali hiyo, ili wawaone na kuzungumza nao.

Chanzo cha Mfumo

Mwaka 1906, baada ya thieta kushangiliwa huko Berlin, Stanislavski alikwenda kupumzika Ufini akiwa na fadhaa. Uhusika alioupenda kuliko wote, ule wa Daktari Stockmann katika tamthilia ya Ibsen iitwayo Adui wa Watu, ulikuwa umemfia mikononi. Miguu ilikwenda kama ilivyokwenda zamani, vidole vilifanya ishara zile zile, lakini ndani hamkuwa na kitu. Alitambua kwamba miaka ya mafanikio ilikuwa imemfanya awe mwigaji wa nafsi yake mwenyewe.

Kutokana na fadhaa hiyo lilizaliwa swali lililomshughulisha hadi kufa kwake. Sisi twaweza kuliweka kwa methali. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwigizaji kila siku hutakiwa awajue kunguni wa kitanda ambacho hakukilalia kamwe. Atawajuaje? Tena atawajuaje leo, kesho na usiku wa mia, bila ya kungojea kudra?

Majibu aliyoyakusanya yaliitwa Mfumo. La kwanza ni neno kama: mwigizaji asijidanganye kwamba yeye ndiye Othello, bali ajiulize, kama ningekuwa katika hali hii, ningefanya nini? La pili ni hali zilizotolewa, yaani mahali, wakati, ukoo, hali ya hewa na yote yaliyompata mhusika kabla pazia halijafunguliwa. Wazo hili alilichukua kutoka kwa mshairi Pushkin. La tatu ni kumbukumbu ya hisia, aliloliegemeza juu ya maandishi ya Mfaransa Théodule Ribot, mwanasaikolojia. Zaidi ya hayo palikuwa na mazoezi ya kulegeza mwili na kukaza fikira, ambayo mengine yalitokana na yoga ya Wahindi. Aliujaribu Mfumo katika tamthilia ya Turgenev, Mwezi Mmoja Shamba, mwaka 1909. Na mwaka 1912 akafungua Studio ya Kwanza pamoja na Leopold Sulerzhitsky ili kuwafundisha vijana. Humo walipita Yevgeny Vakhtangov, Richard Boleslavsky, Maria Ouspenskaya na Michael Chekhov, mpwa wa mwandishi yule. Na kwa wasomaji wetu yafaa kukumbusha kwamba ni huyu Michael aliyecheza Khlestakov mwaka 1921, Thieta ya Sanaa ilipoionyesha tamthilia ya Gogol tunayoijua kwa Kiswahili kama Mkaguzi Mkuu wa Serikali.

Stanislavski aliugawa uigizaji katika namna tatu. Ya kwanza ni ufundi mtupu, ambao hutumia ishara zilizokwisha kuzoeleka: mkono kifuani kwa mapenzi, mkono kipajini kwa majonzi. Ya pili ni uwakilishi, ambao mwigizaji huihisi hali ya mhusika wakati wa kujitayarisha, kisha huihifadhi sura yake ya nje na kuirudia kila usiku. Ya tatu, aliyoiona kuwa bora, aliiita kwa Kirusi perezhivanie. Neno hili limejengwa kwa kiambishi chenye maana ya kupita kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mzizi wenye maana ya kuishi. Katika Kirusi cha kila siku kitenzi chake hutumika pia kwa mtu aliye na wasiwasi wa moyo. Si neno la wataalamu; ni neno la sokoni na jikoni.

Safari ya Marekani na mkasa wa tafsiri

Mwaka 1922 thieta iliondoka Moscow kwa safari ndefu ya Ulaya na Marekani. Ilifungua New York mwezi Januari 1923 kwa tamthilia ile ile ya Mfalme Fyodor, ikaigiza kwa Kirusi mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua Kirusi, nao wakastaajabu jinsi waigizaji walivyosikilizana. Boleslavsky na Ouspenskaya walibaki Marekani, wakaanzisha shule ijulikanayo kama American Laboratory Theatre. Miongoni mwa wanafunzi wao walikuwamo Lee Strasberg, Stella Adler na Harold Clurman. Mwaka 1931 Clurman, Strasberg na Cheryl Crawford waliunda Group Theatre.

Lakini mafundisho ya Boleslavsky yalikuwa ni Mfumo kama ulivyokuwa kabla hajaondoka Urusi, wakati kumbukumbu ya hisia ilipokuwa imepewa nafasi kubwa mno. Stanislavski hakusimama hapo. Mwaka 1934 Stella Adler alimkuta Paris, akafanya kazi naye kwa majuma kadhaa, akarudi New York na kuwaambia wenzake kwamba mwalimu sasa anaanzia katika hali zilizotolewa na katika matendo, wala si katika kuchimbua majonzi ya mwigizaji mwenyewe. Strasberg hakukubali. Mfarakano huo haukuzibika. Strasberg aliendelea na njia yake katika Actors Studio, iliyoanzishwa mwaka 1947. Adler alifundisha kwa njia yake, na Marlon Brando alikuwa mwanafunzi wake. Kutoka katika shule hizi na nyinginezo zilizozifuata uigizaji wa filamu za Marekani ulipata sura ambayo ulimwengu mzima umeizoea.

Sasa tufike kwenye vitabu. Stanislavski alikusudia kuandika kitabu kimoja kikubwa juu ya kazi ya mwigizaji, chenye nusu mbili: ya ndani na ya nje, moyo na mwili. Ukubwa wa kazi ulilazimisha igawanywe. Nusu ya kwanza ilichapishwa Marekani mwaka 1936 kwa tafsiri ya Elizabeth Reynolds Hapgood, ikiwa imefupishwa sana, chini ya jina An Actor Prepares. Kwa Kirusi ilitoka mwaka 1938, na neno perezhivanie limo ndani ya jina lenyewe la kitabu. Katika jina la Kiingereza halimo. Nusu ya pili, inayohusu sauti, mwendo na umbo, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1949. Kwa hiyo kwa muda wa miaka 13 msomaji wa Kiingereza alikuwa na nusu moja tu mkononi, akaidhania kuwa kitu kizima. Si ajabu basi kwamba kizazi kimoja cha waigizaji kiliamini kuwa Stanislavski alifundisha hisia na kudharau mwili.

Istilahi nazo zilipata msukosuko. Stanislavski aliigawa tamthilia katika kile Warusi wanachokiita kwa neno la kawaida la kipande, kama kipande cha mkate. Ndani ya kila kipande aliweka zadacha, neno ambalo mtoto wa shule wa Kirusi hulijua kama hesabu anayopewa na mwalimu aifumbue. Kwa Kiingereza kipande kikawa kizio cha kitaalamu, na hesabu ikawa lengo. Tofauti hii si ndogo. Mwenye lengo hutazama mbele, mahali anapotaka kufika. Mwenye hesabu ya kufumbua anakabiliwa na jambo lililo mbele yake sasa hivi, naye hana budi kutenda. Tafsiri mpya ya Jean Benedetti, iliyotoka mwaka 2008, ilizirudisha nusu mbili pamoja na kujaribu kuyarekebisha maneno haya.

Fahari na kifungo nyumbani

Wakati huo huo, nyumbani Urusi, thieta ilikuwa katika mtihani wa namna nyingine. Mwaka 1928, katika sherehe za kutimiza miaka 30, Stanislavski alishikwa na ugonjwa wa moyo akiwa jukwaani katika Dada Watatu, na hakuigiza tena. Serikali ya Stalin iliitukuza thieta, ikaipa jina la Gorky mwaka 1932, na kuifanya kielelezo kilichopasa kufuatwa na wote. Utukufu huo ulikuwa na bei yake. Maneno ya Mfumo yaliyonuka roho au yoga yalitiliwa shaka na wahakiki wa serikali. Tamthilia ya Mikhail Bulgakov juu ya Molière, iliyofanyiwa mazoezi kwa miaka minne, iliondolewa mwaka 1936 baada ya maonyesho saba, gazeti la Pravda lilipoishambulia.

Aliyedhurika zaidi ni Meyerhold. Aliondoka katika kundi mwaka 1902, akajenga thieta iliyopingana na ile ya mwalimu wake karibu katika kila jambo. Serikali ilipoifunga thieta yake mwezi Januari 1938, watu walimkimbia. Stanislavski, mgonjwa na mzee, alimpa kazi katika thieta yake ya opera. Stanislavski alifariki tarehe 7 Agosti mwaka huo. Meyerhold alikamatwa mwaka 1939, akapigwa risasi tarehe 2 Februari 1940. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba Mfumo ulikuwa itikadi iliyofukuza namna nyingine za uigizaji asema kweli kuhusu serikali iliyoutumia, lakini hasemi kweli kuhusu aliyeubuni. Thieta yenyewe iligawanyika mwaka 1987 kuwa mbili, moja chini ya Oleg Yefremov, ambayo baadaye ilichukua jina la Chekhov, na nyingine chini ya Tatiana Doronina, iliyobaki na jina la Gorky.

Tamati

Tumeona kwamba kundi lililoanza kwa mazungumzo ya saa 18 liligeuza desturi za jukwaa, likampatia Chekhov waigizaji waliostahili maandishi yake, na likazaa mafundisho yaliyovuka bahari. Tumeona pia kwamba yaliyofika ng'ambo hayakuwa yote yaliyoondoka. Msomaji wa Afrika Mashariki aghalabu hukutana na mafundisho hayo kwa Kiingereza, yaani hupokea maji yaliyokwisha kupita katika mtungi wa mwingine. Atakayeandika juu ya uigizaji kwa Kiswahili asitosheke na kufasiri tafsiri.

Kwa perezhivanie twapendekeza kitenzi tulicho nacho tayari: kupitia. Mswahili husema, makubwa niliyoyapitia, na kila asikiaye huelewa kwamba msemaji hakuyatazama mambo hayo kwa mbali, bali aliingia kwa upande mmoja akatokea kwa wa pili, na kwamba moyo wake ulikuwamo. Ndiyo maana ya neno la Kirusi karibu sehemu kwa sehemu. Nalo, kama lile, ni neno la sokoni na jikoni. Kuigiza libaki kuwa jina la kazi nzima. Lakini mwalimu amwambiapo mwanafunzi wake, usimwige mhusika, yapitie aliyoyapitia, atakuwa amemfundisha kwa Kiswahili fasaha jambo ambalo Stanislavski alilitafuta kwa zaidi ya miaka 30.